Kibanda cha Kuku Hakibomoi Nyumba

Donholm, Nairobi

Okoth mwanangu, kitinda mimba wangu,

Umekufa? Kama umekufa mbona sijaletewa habari, na kama u hai mbona miaka miwili hujaukanyaga mlango huu? Basi linatoka huko kila asubuhi na linafika Nairobi kabla jua halijatua. Hata mbuzi wanafika. Nikipita Kiamaiko nawaona, wametoka mbali kuliko wewe, na wao wanakuja kuchinjwa. Wewe unaitwa kunywa chai na unaogopa!

Haya, hujambo? Mgongo umepoa? Akinyi mkeo hajambo, na watoto, ile surua iliwaacha? Mimi ni mzima, Mungu asifiwe. Ni magoti tu, na hasira.

Anayeniandikia ni Wanjiru, mke wa Ouma, mtoto wa kaka yako. Lugha yetu haijui, kwa hivyo tunakwenda na Kiswahili changu cha mtaa wa Ziwani hapa Nairobi, cha wakati ule baba yako alipokuwa kibarua karakana. Nimemwapisha aandike kila neno. Ameuliza, "Shosho," ndivyo kwao wanavyomwita nyanya, "na hayo ya mbuzi pia?" Nimemwambia hayo ndiyo aandike kwa herufi kubwa.

Barua yako nilisomewa Jumapili baada ya kanisa. Unasema umeng'oa nguzo tena. Okoth! Nyumba yangu ilipoangushwa na mvua nilikuja huku nikisema ni miezi miwili tu, wewe unijengee nyingine pale pale. Ukachimba mashimo, ukasimamisha nguzo. Mke wa kaka yako akaweka ghala la mahindi, ukasema boma limebadilika, ukang'oa nguzo zote, ukatoa kamba, ukapima upya kutoka langoni. Ukasimamisha tena. Ndama akajengewa zizi, ukang'oa. Na sasa ni kibanda cha kuku. Kibanda cha kuku, Okoth, cha mkeo mwenyewe! Na mimi nakaa hapa mjini kwenye kiti cha watu nikingoja paa.

Nilidhani ujinga huo ni wako peke yako duniani. Hapana. Nimekuta kompyuta inao.

Wanjiru kazi yake ni kuandika programu, ndiyo maagizo ambayo kompyuta inafuata. Kampuni yao inatengeneza moja kubwa ya kupanga mizigo kwenye malori. Mashine ililetwa hapa kwa pikapu, ikawekwa sebuleni mahali palipokuwa na kabati la vyombo, na mimi vikombe vyangu viko chini ya kitanda hadi leo. Programu yenyewe ni vipande mamia, kila kipande kinakaa na wenzake kwenye chumba chao. Wao wana neno la Kizungu, mimi naita vyumba. Kuna orodha inayoiambia mashine kijengwe nini kwanza na nini kifuate. Kipande kikibadilika, mashine ikijenge tena hicho tu na vile vinavyokitegemea, vingine iviache. Hiyo ni akili, sikatai.

Lakini niliona Wanjiru anasahihisha neno moja asubuhi, halafu mashine inanguruma mpaka saa nane. Anasahihisha lingine, inanguruma tena. Stima ikipotea hapo katikati, analia. Nikamuuliza, "Wewe mtoto, hiyo kitu inafanya nini?"

"Inajenga, Shosho."

"Jana haikujenga?"

"Ilijenga. Inajenga tena."

"Vyote?"

"Vyote."

Akanieleza. Kipande hakiwezi kuwekwa kwenye chumba ambacho hakipo, kwa hivyo ameandika kwenye orodha kwamba kila kipande kinategemea chumba chake. Sawa. Shida ni kwamba mashine inaangalia saa ambayo kila kitu kiliguswa mwisho. Ukiingiza kitu chumbani, chumba kinapata saa mpya, hata kama ni kikaratasi. Basi mashine inaona chumba ni kipya kuliko vitu vilivyomo, inasema vitu hivi vimechakaa, inavijenga vyote upya. Na kwa kuvijenga inaviweka chumbani, na chumba kinakuwa kipya tena! Haitamaliza mpaka Yesu arudi.

Nikasema, "Kwa hivyo ukiingiza kiti sebuleni unabomoa nyumba?"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Ndiyo, Shosho. Ni hivyo hivyo."

Nikakukumbuka wewe, mwanangu, na chai ikanikauka mdomoni.

Mkubwa wake akaja kutazama, kijana wa tai nyekundu, anakaa kwenye kiti changu bila kuuliza. Akamwambia, "Ondoa mambo ya vyumba kwenye orodha, yanatuchelewesha." Akaenda zake. Wanjiru akaondoa, akafuta na vilivyojengwa ili ianze upya. Mashine ikaanza, ikataka kuweka vipande na vyumba havipo, ikakwama palepale na kujaza kioo malalamiko. Huyo wa tai ni kama mtu anayepeleka mabati mahali ambapo boma halijafunguliwa kimila, hata lango halina, halafu anashangaa yako kwenye tope. Wewe unapima mno, yeye hapimi kabisa, na nyote wawili hamna nyumba.

Jioni tukichambua sukuma wiki, Wanjiru akaniuliza, "Shosho, kule kwenu mnajuaje boma lilishafunguliwa? Lazima mpime tena?"

Nikamwambia tupime nini? Siku ile ya kulifungua baba yako alishika jogoo, kaka yako akabeba shoka, mimi nilibeba moto, na wewe ulikuwa tumboni ukinipiga mateke. Baba yako akapiga kigingi cha mti wa siala karibu na lango. Kikachipua. Leo ni mti. Tangu hapo watu wamezaliwa pale, wamezikwa pale, ng'ombe wamekuja na kwenda, na hakuna aliyeuliza kama boma lipo. Anayetaka kujua anautazama ule mti. Mti upo, boma lipo, jenga!

Akaacha sukuma kwenye sufuria, akaenda kwa mashine. Alichofanya ni hiki: kila chumba kikishatengenezwa, ndani yake anaweka faili tupu, halina hata neno. Orodha haikitazami tena chumba, inalitazama lile faili. Kama halipo, chumba kitengenezwe kwanza na faili liwekwe. Kama lipo, endelea na kazi. Faili hilo haliguswi tena, kwa hivyo saa yake haibadiliki hata ukileta vitu elfu humo ndani. Ni kigingi tu.

Akasahihisha neno moja. Mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Nilikuwa sijamaliza kuosha sukuma. Akanikumbatia na mikono yake ya sukuma wiki, nikamwambia aniachie, ananichafulia leso. (Ameandika "Shosho alilia." Ni uongo, lakini mwache, ameandika.)

Wa tai alipokuja akasema, "Nilijua ni kitu kidogo." Nikamwambia aondoke kwenye kiti changu.

Sasa sikiliza, Okoth. Mashine haina mama, haina macho, haikunyonya kwangu, na imefundishika kwa jioni moja. Wewe nilikunyonyesha miaka miwili. Boma lipo. Lilikuwepo kabla yako. Kuku wakae wanapokaa, ndama alale anapolala, na wewe simamisha nguzo zangu mahali nyumba ilipokuwa na usiziguse tena. Sitaki iwe nzuri. Nataka mlango wa kufunga na mahali pa kuweka moto. Mimi si kijana, na sitaki kutolewa mlango huu wa Donholm nikiwa nimelazwa.

Nisalimie Akinyi, umwambie kibanda chake nakipenda. Nisalimie shemeji yako mwenye ghala, na yule mzee wa kanisa anayeniombea, mwambie aombee mikono yako. Watoto wape wote mate yangu ya baraka.

Ni mimi mama yako, niliyebeba moto.

Ukipiga bati la mwisho, panda basi uje unichukue. Na uje na ile kamba ya kupimia, yote, usibakishe hata kipande. Wanjiru hana mahali pa kuanika nguo.