Upande Wangu wa Waya

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila naandika mbio kwa furaha, usinicheke mwandiko. Nimepata kazi!

Fundi mkuu alinipa mtihani. Kompyuta yao kubwa, inayotumia mfumo wa Linux, haina kioo. Unaiunganisha kwa waya na laptopu, nayo inakuandikia humo. Basi ilikuwa inaandika herufi moja moja, kama mzee anayetafuta miwani. "Iongeze mwendo," akasema. "Ukiweza, unabaki. Ukishindwa, tutaagana vizuri."

Nikafungua faili la mipangilio ya kompyuta hiyo, nikaandika mwendo mpya, nikaizima na kuiwasha. Dada, kwenye laptopu yakaja madudu matupu, herufi zisizosomeka! Nikajua nimeiua. Nikamkumbuka mwanangu huko kwako, na ulivyoniandikia kwamba siku hizi anakuita wewe mama. Sikulaumu, lakini neno hilo limeniuma.

Fundi akacheka. "Mama Kidege, mashine umeiambia iongee haraka. Na laptopu je, umeiambia isikilize haraka?"

Loo! Nilisahau upande wangu. Nikabadilisha, nikabonyeza, maneno yakamiminika kama bomba limefunguliwa. Nilipiga kigelegele, ofisi nzima ikageuka.

Chumba nimeshapata, kina dirisha. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua mwanangu. Tafadhali anza kumzoesha, mwonyeshe picha yangu, mwambie huyu ndiye mama. Nami nikifika nitakaa kwanza mlangoni, nisimkimbilie. Kwake yeye nitakwenda polepole.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Kidege