Pointi Kumi na Nane

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Nimerudi kutoka tribinali na kinyaa mdomoni. Nimesukutua mara mbili. Bado kiko pale pale.

Niliwapeleka banafunzi wangu kumi na wawili wamwangalie Shema. Nilimfundisha mwaka jana, sasa yuko staji ya uavoka, anajifunza kazi ya wakili, na pointi za staji natoa mimi. Anamtetea muntu mwenye malori ya saruji kule Muganza, anayetaka mahali pa kuegesha. Upande wa pili, Maman Mukakalisa. Mujane, karibu miaka themanini, bila avoka. Anasema shamba lile la ndizi alipewa na baba mukwe alipoolewa, na mutoto wa shemeji yake amemwuzia huyo wa malori nyuma ya mgongo wake. Batu walioshuhudia walikufa wote.

Shema alimwuliza swali moja tu. Huyo baba mukwe aliitwa nani?

Kimya. Maman akatazama miguu yake. Shema naye kimya, mikono nyuma. Hakimu akamwambia mama ajibu. Wapi. Basi Shema akageuka taratibu: huyu hajui hata jina la anayesema alimpa shamba.

Anajua! Sisi sote tunajua kwamba anajua. Kwetu muke hatamki jina la baba ya bwana yake, hata kama mzee alizikwa zamani. Mama yangu, kule Bukavu nilikozaliwa, alikufa bila kulitaja la babu. Kulitaja ni kumvua mzee nguo mbele za batu.

Na mimi? Nilikuwa benchi ya nyuma na daftari. Kimya kile hakijaisha, mkono wangu umekwisha kuandika: 18/20.

Alhamisi, 16 Oktoba

Darasani Reine ameuliza kama na wao watafundishwa "ile kimya ya Shema". Wamecheka wote. Ni mutoto mwenye akili, Reine. Anaandika kila ninachosema, na leo hilo limenichukiza.

Nimemwita Shema ofisini. Ulijua kwa nini hajibu?

— Nilijua, Maître. Bibi yangu wa Bugarama naye halitaji. Ndiyo maana niliuliza.

Hivyo tu, kama muntu anayeeleza njia ya sokoni. Kisha akanishukuru. Ni ninyi mulitufundisha, Maître: uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kutoka, halafu funga mdomo. Akatabasamu na meno yake mazuri.

Nimefungua noti zangu. Iko hapo, somo la tisa, nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Miaka kumi na moja ninaifundisha.

Ijumaa, 31 Oktoba

Hukumu imesomwa. Maman ameshindwa. Ana siku thelathini za kukata rufaa. Shema amenipigia simu kabla sijanywa chai. Nimempongeza: félicitations. Nimemwambia!

Jumatano, 26 Novemba

Nimepita kwa karani wa tribinali. Hakuna rufaa. Nani angemwandikia?

Nikiichukua dosiye hii, niwe avoka wa Maman, lazima nisimame mbele ya hakimu niseme ule mtego ni wangu, nimeutengeneza mwenyewe. Batu watacheka mjini kote. Wacheke.

Lakini ile 18 bado iko kwenye karatasi ya Shema. Sijaifuta. Najidharau.

Ijumaa, 28 Novemba

Muganza, kwa Maman Mukakalisa. Vumbi la saruji limekaa juu ya majani ya ndizi. Jumapili siku thelathini zinakwisha.

Nimekuja na karatasi ya kunipa ruhusa ya kumtetea, na wino wa kidole. Nimemweleza: jina hutalitaja, nitasema mimi, na hakimu ataelewa kwa nini. Amesikiliza mpaka mwisho. Amechovya kidole. Kidole kimesimama juu ya karatasi.

— Wewe njo yule ulikuwa umekaa nyuma na batoto.

Nikasema ndiyo.

— Niliposhindwa kujibu niliinua macho, nikakuona unaandika. Nikasema moyoni, afadhali, huyu ni mukubwa, amezaliwa na mama, anajua. Anaandika vile wananionea. Nikatulia.

Akaniangalia.

— Uliandika nini, mutoto wangu?

Akafunga mdomo. Hakuna aliyemfundisha somo la tisa. Nimetazama miguu yangu.

Hakunihimiza. Amesema ndizi zitaungua, anakwenda kuepua, akirudi nimwambie. Karatasi iko juu ya benchi, bila alama ya kidole. Nimetoa daftari nipate kitu cha kushika. Namsikia anafunika chungu. Ninaweza kusema niliandika tarehe. Ninaweza kusema sikumbuki, batu wangapi wamenijibu hivyo.

Anatoka. Wino bado uko kwenye kidole. Amesimama mlangoni, ananiona tena ninaandika—