Uzi Mwekundu Shingoni mwa Majivu

Jumapili, Bunia. Mvua nyembamba isiyo na upepo imekuwa ikianguka tangu kengele ya misa ya kwanza. Miguu yangu imevimba tena, na leo sikwenda kusali.

Nimewaficha jambo ninyi mnaosoma hapa. Majivu, yule paka niliyekuwa nikimpiga picha dirishani mwa karavani kila tulipokwenda likizo, hakuwa paka wangu. Niliwaandikia kwamba nilimnunua sokoni Aru. Sikumnunua. Hata hilo jina nililitunga mimi.

Daktari haniambii mengi. Lakini mimi pia nilikuwa daktari, wa ng'ombe, na ninajua moyo uliochoka unavyolia kifuani. Binti yangu Ester anafika wiki hii kutoka Kisangani. Nataka akute haya yamekwisha kuandikwa, maana nikimtazama usoni sitaweza kuyasema.

Kwa wale mliokuja hapa juzi: karavani ilikuwa ya idara ya mifugo. Tuliivuta nyuma ya gari tulipokwenda kuchanja ng'ombe, na ndani yake kulikuwa na kitanda, jiko la gesi na kabati la dawa. Nilipostaafu hakuna aliyeitaka. Magurudumu yalikuwa yamepasuka na kuku walikuwa wakitagia ndani. Niliichukua, nikaitengeneza.

Wazo la likizo lilikuwa la mke wangu, Consolata. Vita vilikuwa vimetulia, kwa maana kwamba tulisikia risasi mara chache na kila mtu alijifanya hakuzisikia. Siku moja akasema, "Baba Ester, barabara hizi zote nilizipita nikikimbia, godoro kichwani. Sasa nataka nizipite nimekaa, nakula karanga."

Ndivyo tulivyoanza. Mara moja kila mwaka, wakati wa kiangazi, tulipanda kupitia Iga na Djugu mpaka Mahagi-Port, tukakaa kando ya ziwa wiki moja. Na paka tulikwenda naye, kwa sababu Consolata hakukubali kumwacha.

Watu walitucheka sana. Kwenye kizuizi kimoja askari alichungulia dirishani, akamwona Majivu amelala juu ya mto wa Consolata.

"Muzee, huyu naye iko na karte ya kitambulisho?"

"Huyu anasafiri na karavani ya leta," Consolata akamjibu, akimaanisha serikali. "Muulize leta."

"Basi apite. Lakini mimi simupigie saluti."

Askari wenzake walicheka. Yeye mwenyewe alirudi nyuma hatua chache na hakuugusa mlango. Wengi kwetu hawapendi paka anayewatazama bila kupepesa, na Majivu alikuwa wa aina hiyo. Kule juu, ukungu unapokaa katikati ya mikaratusi na nyumba zisizo na mabati zinatokea moja moja kando ya barabara, alikuwa akisimama kwenye dirisha la nyuma na kutazama tulikotoka. Hakuwahi kutazama mbele. Mwanzoni niliona ni jambo la kuchekesha.

Sasa niseme paka alikuwa wa nani.

Nilifanya kazi miaka mingi na mwenzangu aliyeitwa Zakaria. Yeye alishika ng'ombe, mimi nilichoma sindano, kisha mmoja wetu alimfunga mnyama uzi mwekundu wa sufu shingoni ili ijulikane amekwisha kuchanjwa. Wachungaji wengine walijifungia nyuzi zao wenyewe ili tuwapite. Kwa hiyo Zakaria akabuni fundo: la kwanza la kawaida, la pili linarudishwa kushoto na kupitishwa chini ya la kwanza. Fundo hilo tulilijua watu wawili tu. Tulipoliona kwa mbali tuliambiana, "Huyu tumekwisha kumwona," tukaendelea.

Zakaria alikuwa na mke, Rebeka, watoto, na paka wa kijivu aliyeitwa Dominika. Mbwa aliwahi kumrarua sikio paka huyo, na mimi nilimshona juu ya meza yao ya chakula huku Rebeka akinishikia taa na kunicheka.

Vita vilipoingia mtaani, watu wa kwao walipaswa kuondoka na watu wa kwetu waliweza kubaki. Zakaria alinipa funguo mkononi. Akasema, "Utatuangalizia nyumba. Na Dominika umupatie kula." Hakuaga zaidi ya hapo.

Baadaye habari zilikuja kwamba alikufa kwa homa ng'ambo ya ziwa. Aliyenieleza ni mtu aliyemzika kwa mikono yake. Juu ya Rebeka hakuna aliyejua kitu. Niliacha kumwita paka Dominika, na nikamwambia Consolata kwamba jina hilo litatuletea maswali.

Tulikuwa katika safari yetu ya tatu. Tuliegesha karavani juu kidogo ya ufuo wa Mahagi-Port, mbali na vichanja vya makayabo, wale samaki wa chumvi wanaokaushwa juani, kwa ajili ya harufu. Siku ya kwanza Majivu alitoka asubuhi na kurudi alasiri, tumbo limejaa, akakataa samaki wa Consolata. Siku ya pili alirudi amechanwa manyoya. Yalikuwa yamelazwa vizuri upande mmoja na kupakwa mafuta ya mawese kidogo, kama kichwa cha mtoto anayepelekwa shuleni.

"Amepata nyumba ya pili," Consolata alisema. "Wanaume wote iko hivi."

"Ni jike."

"Basi amekufuata weye."

Siku ya tatu alirudi na uzi mwekundu shingoni.

Consolata alipiga makofi. "Baba Ester, kuja uone! Majivu amechumbiwa!"

Nilimpakata ili niufungue. Jua lilikuwa juu kabisa, ziwa limetulia kama bati, hakuna mtumbwi uliosonga. Vidole vyangu vilikwenda kwenye fundo vyenyewe, vikapita la kwanza, vikaenda kushoto, vikatafuta chini. Ndipo akili yangu ilipofika pale vidole vilipokuwa.

Watu wawili tu walijua fundo lile. Mmoja alikuwa mimi, na wa pili alikuwa amezikwa.

Mimi ni mtu wa shule. Nilisomea dawa za wanyama kwa Kifaransa, nimepasua mizoga ya kila mnyama aliye Ituri na sijaona ndani yake kitu kisicho na jina. Hata hivyo siku ile niliketi kwenye ngazi ya karavani nikimwaza maiti anayefunga uzi. Nilinusa uzi. Ulinuka moshi na samaki, na harufu hiyo haikunifariji. Consolata aliniuliza kama ni jua. Nikamwambia ndiyo, ni jua.

Sikuufungua. Niliogopa kuufungua kuliko kuuacha.

Kesho yake Consolata alishuka na wanawake kununua samaki. Majivu alitoka karavani, akaenda hatua chache, akageuka kunitazama. Nikisimama alisimama. Nikitembea alitembea. Nilimfuata nikipita nyuma ya vichanja, kisha njia ya matete, mpaka kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa peke yake. Mbele yake mwanamke mzee alikuwa ameketi chini, amenipa mgongo, akigeuza samaki kwenye jua kwa kuwapapasa mmoja mmoja.

Paka alipanda pajani mwake. Mwanamke hakugeuka.

"Dominika," akasema, "umemuleta?"

Ilikuwa sauti ya Rebeka.

Nilitaka kurudi, lakini matete yalikuwa makavu na yangelia chini yangu. Alipogeuza uso niliona macho yake meupe kama maziwa yaliyoganda. Haoni. Nilipata nafuu, na nafuu ile inanitia haya mpaka leo. Nikajiambia: usiseme neno, anaijua sauti yako.

"Karibu, weye mwenye kufuata paka," akasema. "Nasikia viatu. Huku kwetu watu wanatembea miguu wazi."

Nilitazama viatu vyangu.

"Hausemi? Si mubaya. Kaa juu ya ile ndoo."

Niliketi. Sijui kwa nini niliketi.

Alikuwa akipapasa sikio la paka kwa kidole gumba, akienda na kurudi juu ya kovu. "Huyu ni wangu wa zamani. Ni sikio hii ilinionyesha. Ilishonwa. Watoto yangu walinicheka, wakasema mama, paka ni wengi. Nikawaambia, paka ni wengi, lakini ni nani anashonaka paka?" Akacheka kidogo, kicheko kilekile cha juu ya taa. "Nikafunga uzi vile bwana yangu alinionyesha. Nikasema, kama anayemulisha anaijua hii fundo, atakuja mwenyewe."

Kwa hiyo Zakaria alikuwa amemfundisha. Hakuna maiti aliyefunga uzi. Ningepaswa kupumua. Badala yake nilihisi baridi zaidi, maana mzimu nisingedaiwa kuujibu.

"Nitakuuliza neno moja tu," akasema. "Nyumba yetu ya Bunia. Watu wanapita hapa wanasema avenyu yote iliungua. Watoto wanataka kuacha kungoja, wanunue kiwanja huku. Mimi nawazuia. Nawaambia, mungoje kwanza, kuko mutu anatuangalizia. Niambie tu. Iliungua?"

Nzi walikuwa wakitembea juu ya samaki. Paka alikuwa amegeuza kichwa na kunitazama, hapepesi. Nilijua ninachoulizwa. Ningesema kweli, mama huyu angerudi Bunia na watoto wake, na mimi na Consolata tungetoka mbele ya mtaa mzima. Ningenyamaza, angeendelea kungoja, na siku moja angemtuma mtoto aende kuona.

"Iliungua," nikasema.

Nililisema kwa sauti nzito isiyo yangu, kooni, kama mtu mwenye kikohozi.

Mkono wa Rebeka ulisimama juu ya sikio la paka. Kisha akamteremsha paka polepole na kurudi kwenye samaki zake.

"Asante, Daktari," akasema. "Kama ni weye umesema, nimesadiki. Tutabaki huku."

Sikumbuki nilivyofika karavani. Nakumbuka kwamba nyuma yangu nilisikia matete, na nilipogeuka alikuwa ni paka ananifuata. Sikumwita. Nilimwambia Consolata nimeshikwa na homa, tukaondoka alasiri ileile. Safari nzima paka alikaa dirishani, akitazama nyuma.

Tangu siku hiyo hakuingia tena ndani ya nyumba. Consolata alimwita kwa samaki, kwa maziwa, hakuja. Alilala karavanini uani. Mvua iliponyesha alikuja mpaka kwenye kizingiti, akasimama pale kama mgeni anayengoja kukaribishwa na mwenye nyumba, akatupita kwa macho mimi na mke wangu, akatazama ndani vyumbani, kisha akageuka kwenda. Alikufa kwa uzee, kule karavanini. Niliwaandikia kifo chake hapa, nanyi mlinitumia maneno mazuri sana ya pole. Sikustahili hata moja.

Safari hatukufanya tena. Consolata aliuliza mara moja tu kwa nini, nikasema barabara zimeharibika, na zilikuwa zimeharibika kweli.

Kuna neno moja siwezi kulisikia. Muuguzi anayekuja kunichoma sindano ni mtu mwenye adabu, na akimaliza hunishukuru kwa kutulia. "Asante, Daktari." Kila mara natazama mlangoni kuona ni nani amesema. Jana alinifanya nitokwe jasho, akafikiri ni dawa.

Najua mtakachoniuliza, na Ester ataniuliza zaidi yenu. Kwa nini sikurudi Mahagi-Port kusema kweli? Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Kisha Consolata akaugua. Kisha nikasema, labda mama yule amekwisha kufa, na nikajikuta naombea iwe hivyo. Mtu aliyesali maisha yake yote, aliyebeba msalaba siku za maandamano ya Pasaka, alikuwa akimwombea kifo mama kipofu ili aweze kulala.

Hakufa. Mwezi uliopita nilimuuliza mfanyabiashara wa samaki, kwa mzunguko, bila kutaja jina. Mama asiyeona bado yuko, anauza makayabo. Watoto wake wamejenga huko.

Ester, mwanangu, ukisoma, soma pole pole. Vita vilipopita mtaani, iliyoungua ilikuwa nyumba yetu, ile uliyozaliwa ndani yake. Tuliingia kwa Zakaria tukisema ni kwa wiki chache, na funguo nilikuwa nazo. Iliposemekana kwamba amekufa, nilimwambia mama yako kwamba ndugu mmoja wa Zakaria ameniuzia nyumba. Mama yako alikufa akiamini hivyo. Ninyi watoto mnaamini hivyo, na ndiyo maana wiki hii mnakuja kuigawana.

Hakuna aliyeniuzia kitu.

Nyumba ya Rebeka haikuungua. Ukuta wake ndio huu ninaouegemea nikiandika.