Utepe Uliofungia Gunia la Mkaa

Mama, maharage yapo jikoni, chumvi nimeshatia. Ongeza maji tu. Mawingu yakianza, uanue nguo.

Kaka, nina neno nawe. Nakuandikia kwa sababu siwezi kubishana watu wakinitazama, na wewe unalijua hilo. Asubuhi umenipandisha kwenye mzani wa bafuni mbele ya wifi, ukatangaza: "Mshale haujasogea! Bibie anajitesa kupungua bure!" Mkacheka mpaka chai ikamwagika.

Nilikwenda chumbani kuchukua utepe wangu niwaonyeshe. Ule niliokata kwenye shuka kuukuu, ninaojipimia kiuno kila mwisho wa mwezi na kutia alama ya kalamu. Kila alama mpya ilikuwa nyuma ya ile ya zamani. Sikuukuta. Kumbe umefungia gunia la mkaa, tena umeukata vipande viwili! Hukuona hata alama moja?

Huo mzani wako haujui kwamba sasa napandisha ndoo mbili za maji hadi juu bila kusimama. Zamani nilikuwa nainama katikati ya ngazi, najifanya nafunga kiatu, kumbe natafuta pumzi.

~~Msiniwekee chakula cha jioni.~~ Niwekeeni, nitarudi na njaa.

Na mkanda wako wa suruali usiutafute, kaka. Nimeuvaa mimi, sketi ya kazini inanidondoka. Nimeufunga tundu la mwisho. Wewe jifunge kipande cha utepe kilichobaki, kama kitakufikia.

Mdogo wako