Landrova ya Marehemu Stephano

Gerezani, Dar es Salaam
22 Oktoba 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, kile kikohozi kimeniachia na joto la huku nimelizoea. Mgongo wako unaendeleaje? Usiinue madumu ya maji peke yako, nimekwambia mara ngapi.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiongelea uani, na Mary wa jirani anasikia kila neno. Barua nitampa kondakta wa basi, uifuate stendi.

Tajiri wa hii gereji ninayoshonea viti vya magari alichukua banda kwenye yale maonyesho makubwa ya magari yanayofanyika Dar kila mwaka. Akatupeleka tukaonyeshe kazi zetu. Jumamosi nikaomba ruhusa kidogo nikaenda kuangalia upande wa magari ya kale. Mama, nimeiona Landrova ya baba.

Imepakwa rangi upya, kijani kibichi, inang'aa kama sahani. Kando yake, kwenye kiti cha kukunja, kofia kichwani, kakaa baba mdogo Flavian. Kibao kimeandikwa: "Mmiliki wa kwanza na wa pekee, Mzee Flavian." Watu wanapanga foleni kupiga naye picha.

Hakunitambua. Aliniambia, "Karibu binti, piga picha, ila usiguse."

Usiguse! Mimi niliyekuwa nalala kiti cha nyuma baba akiwa chini ya gari lile lile na tochi mdomoni.

Nimerudi bandani, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Coleta


Chanji, Sumbawanga
12 Novemba 2023

Mwanangu Coleta,

Marahaba. Mgongo upo, unauma unapotaka. Mvua za kwanza zimenyesha na watu wa Kaengesa wameshaanza kupanda mahindi. Tunakula, tunalala.

Barua yako niliisoma stendi nikiwa nimesimama. Nilipofika nyumbani niliisoma tena, halafu nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wewe ulikuwa mdogo, nataka nikukumbushe usije ukasahau hata kipande. Ile Landrova baba yako aliikuta imekufa nyuma ya gereji ya misheni. Aliisukuma mpaka Kaoze, kijijini kwetu bondeni, kwa msaada wa watu na ng'ombe, akaifufua mwenyewe. Mvua zikianza, kule bondeni hakuna gari jingine lililokuwa likithubutu kupanda mlima kuja hospitali ya mjini. Baba yako alipandisha wajawazito, walioumwa na nyoka, watoto wenye homa. Hakuna aliyemgongea akarudishwa.

Alipofariki, hata arobaini haijafika, shemeji Flavian aliita kikao cha ukoo akasema gari la marehemu haliwezi kukaa kwa mwanamke asiyejua kuendesha. Nikamwambia, "Shemeji, niachie mpaka mvua ziishe, kijana wa misheni atakuwa ananiendeshea." Akanijibu, "Mvua zina mwisho, gari nalo lina mwenyewe." Akaondoka nalo.

Mdogo wako Timoth akaugua mvua zikiwa zile zile. Tulimfunga kwa kitenge kwenye baiskeli, nikasukuma mimi, nawe ukamshikilia kichwa. Alinifia katikati ya mlima. Unakumbuka nilikaa naye barabarani, sikutaka kushuka wala kupanda.

Na Flavian msibani hakuja.

Sasa unaniuliza ufanye nini. Bado usifanye lolote. Mfuate. Ujue anapokwenda na gari hilo, anasema nini, anapendwa na nani. Mimi nimesubiri miaka yote hii, mwaka mmoja ni nini?

Mama yako,
Epifania


Gerezani, Dar es Salaam
18 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Pole kwa baridi, kaka Abeli wa hapo mtaani alipita hapa akaniambia safari hii huko kumeganda mpaka mbwa wanalala jikoni. Blanketi nimempa yeye akuletee. Mimi mzima.

Nimefanya ulivyosema. Watu wa magari ya kale wana klabu yao na kundi la WhatsApp, nikajiunga kwa jina la gereji. Mwaka mzima nimemsoma. Baba mdogo ndiye kipenzi chao. Wanamwita "Mzee wa Bonde". Kila akiweka picha ya gari, watu hamsini wanamsifu. Maonyesho ni Oktoba tena, na picha yake iko kwenye tangazo kubwa. Mwaka huu wanampa tuzo, na atasimulia habari za gari jukwaani.

Mama, nimechoka kumsoma. Nimenunua chupa ya mafuta ya breki. Ukiyamwaga juu ya rangi ya gari, yanaila mpaka bati linabaki tupu. Nitapita karibu kama mtu aliyejikwaa, kazi imekwisha. Alie na yeye.

Nisubiri tu unipe neno.

Coleta wako


Chanji
5 Septemba 2024

Coleta,

Marahaba. Blanketi nimelipata, Mungu akuzidishie.

Hayo mafuta wape mafundi wenzio wayatumie kwenye breki.

Rangi atapaka tena, mwanangu. Wiki mbili, gari limerudi vile vile, na juu yake watu watamwonea huruma. Mimi nataka kitu ambacho hawezi kukipaka rangi. Umesema wanamsifu, umesema atapanda jukwaani. Basi mwache apande. Mwache aseme yote anayotaka kusema, usimkatize. Akimaliza, mwamkie kwa heshima kama mtoto aliyelelewa, halafu muulize habari za Timoth.

Usilie. Ukilia watamtazama yeye kama mzee aliyeonewa. Vaa vizuri.

Mama yako


Gerezani
20 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Sijala tangu jana lakini mzima. Najua unangoja, kwa hiyo nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilivaa lile gauni la bluu. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana, wamekuja na watoto, muziki kila pembe, magari mapya yanazungushwa kwenye majukwaa yenye taa. Lakini ilipotangazwa zamu ya magari ya kale wengi walihamia kwetu. Landrova ilikuwa juu ya zulia jekundu.

Mshereheshaji akampa baba mdogo kipaza sauti. Akaanza. Mama, sikuwa nimejiandaa kwa alichosema. Nilidhani atasifia injini. Akasema: "Gari hili nilikuwa nalo kule bonde la Rukwa. Mvua zikinyesha, ni mimi na hili gari tu. Nimepandisha wajawazito mlimani, nimepandisha watoto wana homa, usiku na mchana. Wapo watu wanatembea leo kwa sababu ya gari hili." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mbele yangu alijifuta machozi.

Alichukua gari, Mama, na sasa amechukua na wagonjwa wa baba.

Nikanyoosha mkono. Mshereheshaji akafurahi, akasema, "Dada yetu hapa ana swali kwa Mzee wa Bonde," akanipa kipaza sauti.

Nikasema, "Shikamoo baba mdogo."

Akaitika, "Marahaba, marahaba," anatabasamu, hajanijua bado.

"Mimi ni Coleta, mtoto wa kaka yako Stephano, mwenye hili gari. Timoth alipougua kule Kaoze, hili gari lilikuwa limempakia nani?"

Tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaondoka. Akasema taratibu, "Mwanangu, mambo ya nyumbani tutayaongea nyumbani."

Nikamwambia, "Nyumbani ndiko ulikolichukulia gari. Tuongee hapa."

Mshereheshaji akataka kunipokonya kipaza sauti, na yule mama aliyekuwa anafuta machozi akamshika mkono: "Mwache aseme." Nikasema. Kikao cha ukoo, mvua, baiskeli, kitenge, mlima. Sikupaza sauti wala sikulia. Nilipofika pale uliponiambia nimfumbe Timoth macho, hata mabanda ya jirani yalikuwa yamezima muziki.

Nikamaliza hivi: "Baba mdogo, nisahihishe nilipodanganya."

Alikaa kwenye bampa la gari. Waamuzi wa ile tuzo wakatazamana, wakahamia kwenye gari lililofuata. Tuzo walimpa mwenye Peugeot.

Nilipokuwa natoka niligeuka. Alikuwa amebaki peke yake, amevua kofia. Mama, kwa upara ule na yale masikio alikuwa baba mtupu. Hicho ndicho kimenizuia kula.

Coleta


Chanji
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kula.

Abeli amenionyesha ile video kwenye simu yake. Kumbe kuna watu walikuwa wanarekodi. Nimemwambia airudie pale anapokaa kwenye bampa. Mary naye ameiona, mtaa mzima umeiona, na jana baada ya misa wanawake wa jumuiya wamenishika mikono mmoja mmoja.

Umesema anafanana na baba yako. Na Timoth je, hakufanana naye?

Usimwonee huruma mapema. Bado gari analo.

Mama


Gerezani
15 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo, na heri ya sikukuu zinazokuja. Mimi mzima, kazi ni nyingi, kila mtu anataka viti vipya kabla ya Krismasi.

Gari linarudi.

Klabu walimwondoa kwenye kundi. Lakini si wao waliomfikisha hapa, ni mke wake. Mama mdogo Salome amenipigia. Anasema hakuwahi kujua habari za Timoth, alielezwa kwamba marehemu mwenyewe alimuuzia mumewe gari. Miaka yote amelipanda kwenda kanisani. Amemwambia mumewe, "Hilo gari likilala hapa, mimi silali hapa." Alilia kwenye simu mpaka mimi ndiye nikawa nambembeleza.

Baba mdogo naye akaja gereji. Amekonda. Akasema ataliendesha mwenyewe mpaka Sumbawanga baada ya mwaka mpya, akukabidhi mbele ya wazee, na aombe msamaha. Nilimpa kiti na maji. Nisamehe kama nimekosea.

Sasa sikiliza, Mama. Likifika, litafutie turubai. Wale waamuzi wamenitafuta. Wanataka Oktoba nilipeleke mimi, kibao kiandikwe jina la baba, na isemwe kazi aliyoifanya. Fikiria watu wote wale wakisoma "Stephano wa Kaoze". Nitalishonea viti mwenyewe.

Mwanao,
Coleta


Gerezani
9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Hujajibu tangu Desemba na simu ukipokea unaniambia habari za maharage. Mama mdogo anasema gari liliondoka Dar na lilifika. Uko salama? Waamuzi wanataka jina kabla ya mwezi wa sita.

Nijibu hata mstari mmoja.

Coleta


Chanji, Sumbawanga
27 Aprili 2025

Mwanangu Coleta,

Marahaba. Nipo salama, na Pasaka tumekula vizuri. Mahindi mwaka huu yamebeba, ulezi wa shambani Kaengesa unaanza kuiva. Nilikuwa sijajua nikuandikie nini, sasa najua.

Flavian alifika na gari Januari, mvua inanyesha. Mtaa wote ulitoka. Alilikausha kwa kitambaa kabla hajabisha hodi, nilimwona dirishani. Alikuwa amekuja na katekista na wazee wawili. Akaanza, "Shemeji, nimekuja mbele ya..." Nikamkata. Nikamwambia, "Lipeleke nyuma ya nyumba, halafu weka funguo pale ngazini." Akapeleka, akaweka. Wazee nikawapa chai. Yeye naye nikampa chai, sikumnyima. Msamaha aliuomba na mimi nikaitika, "Nimekusikia." Katekista akangoja niongeze neno, nikamwongezea chai.

Kuhusu maonyesho, hapana. Usiwape jina. Baba yako hakuifufua ile Landrova ipigwe picha, aliifufua ipande mlima, na mwanawe wa kumzaa hakuipanda. Basi na hao wa picha wasiione. Najua unataka jina la baba yako lisomwe, na najua utanikasirikia. Kasirika, mimi ni mama yako, nitavumilia.

Nilimwita Abeli akang'oa vioo vyote vya pembeni. Ndani nikamwaga pumba na majani makavu. Kuku wangu sasa wanalala humo, wana nafasi kuliko mimi. Vile viti vya ngozi wanavipenda sana, hasa cha dereva. Ile rangi ya kijani huwezi kuijua tena.

Jumatatu ya Pasaka Flavian alikuja kusalimia, alikuwa amekuja Kaengesa kwa misa ya kumwombea ndugu yake mmoja. Sikumfukuza. Nilimwekea kiti uani, nikakielekeza kwenye gari, nikamletea ugali wa ulezi na maharage. Alikula matonge machache akaacha. Akakaa anatazama. Jogoo alikuwa amesimama juu ya usukani.

Mwisho akaniomba, kwa sauti ndogo kabisa, "Shemeji, nipe ndoo ya maji na kitambaa, nilifute kioo cha mbele tu."

Nikamwambia akae atulie, kuku wanaatamia, asije akawashtua.

Mama yako,
Epifania