Masaa Kumi na Mawili Kutoka Moscow

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Nimetwanga mtama. Mgongo unauma. Kabula, mjukuu wangu, kanisomea tena barua ya Masanja, herufi zake ndogo zinanishinda. Mwanangu wa kwanza wa kiume huyo, anasomea uinjinia Moscow. Mbali kupita akili, lakini ndege inafika Dar kwa masaa kumi na mawili. Dar hadi Mwanza, moja na nusu. Nimeandika hesabu hiyo kwa mkaa mlangoni. Mume wangu kacheka: "Mama Masanja, wewe lori la Shinyanga tu linakutapisha." Mshenzi yule.

Jumanne, 6 Agosti
Wamemuua mume wangu. Wezi wa ng'ombe, alfajiri. Alisimama mlangoni mwa zizi na mkuki mmoja. Panga la shingo, panga la tumbo. Tulipiga mwano, yowe la kuomba msaada, watu wakaja mbio. Zizi tupu. Nimemwosha mwenyewe. Maji yalikataa kuwa meupe.

Jumatano, 7 Agosti
Kabula kapeleka simu ya maandishi posta Shinyanga, ya kumwita Masanja. Luhende, mdogo wa marehemu, anataka tuzike leo. Namjua. Kwetu anayetupa udongo wa kwanza ndiye mwenye mji, mrithi wa nyumba na zizi. Mji huu ni wa Masanja. Nimemwonyesha hesabu yangu mlangoni. Kumi na mawili, na moja na nusu, na nusu siku ya lori. Kesho yuko hapa. Luhende akasema, "Shemeji, ndege si baiskeli ya jirani." Nimemtemea mate.

Alhamisi, 8 Agosti
Hakuja. Maiti imevimba ndani ya ngozi ya ng'ombe. Inzi. Wanaume wamechimba kaburi zizini, kama inavyompasa mwenye mji. Nikashuka humo na mchi wangu, nikakaa. Luhende kawatuma wanawe wanitoe. Wa kwanza nimempasua mdomo. Wa pili nimemvunja vidole. Luhende akashuka mwenyewe na rungu, akanivunja mkono wa kulia. Niliusikia ukilia kama kuni. Nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Sijutii. Watu wazima wamesimama juu wanatazama, wapumbavu wote.
Naandika kwa kushoto. Herufi kama kuku kapita.

Ijumaa, 9 Agosti
Harufu imewatoa watoto uani. Mume wangu hakustahili kuoza hivi kwa ubishi wangu. Nimekubali azikwe.
Kabla Luhende hajainama nimeinama mimi. Nikatupa udongo kwa mkono wa kushoto, nikapiga kelele: "Huu ni wa Masanja!" Mkono wa mwanamke, na wa kushoto. Haijawahi kuonekana. Luhende kashika rungu. Wazee wamemwangalia mpaka akalishusha. Akatupa udongo wa pili.

Jumatano, 14 Agosti
Masanja kaja, amekonda. Kakuta nimetoka hospitali ya Kolandoto, mkono umefungwa ubao.
Simu ilimfikia Jumamosi. Ndege ya kuja Dar inaruka mara moja kwa wiki, Jumatatu. Hilo hakuandika kwenye barua, na mimi sikuuliza. Nilidhani ndege inamngoja mlangoni.
Angani amekaa masaa kumi na mawili. Barabara, kama hesabu yangu.
Kaenda zizini kwenye kaburi la baba yake. Luhende kapita njiani, sikio na kitambaa, akamwamkia kwanza: "Mwenye mji." Masanja kamjibu, "Shikamoo baba mdogo."
Kisha akauliza hesabu ile ya mkaa mlangoni ni ya nini. Nikamwambia ale kwanza.
Nimeifuta na kitambaa cha maji. Moja na nusu haitoki vizuri.