Anguko la Nne la Seini Havea

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Neiafu, Visiwa vya Vava'u
Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2019, saa 3:20 asubuhi

Jina: Kalolaine Tupola
Umri: Miaka 41
Kazi: Karani wa mizigo, gatini
Makazi: Neiafu, nyuma ya soko

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Msimu wa mpira wa pete ukifika, mimi ndiye mtunza saa wa ligi ya makanisa. Marehemu Seini Havea, miaka 19, nilimfahamu tangu alipobatizwa.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Septemba, saa nane kamili mchana, ilianza fainali kati ya Siale na Heilala. Seini aliichezea Siale nafasi ya kati. Kocha wake ni Meliame Havea, dada wa baba yake. Benchi lao lilikuwa karibu na meza yangu kiasi kwamba maji yao yakimwagika yananilowesha miguu.

Katika ligi yetu kocha hana ruhusa ya kuomba mapumziko. Mchezo husimama mchezaji akiumia tu, nami hapo husimamisha saa. Akiinuka mwenyewe ndani ya nusu dakika anaendelea kucheza. Akihudumiwa lazima atoke. Kwa hiyo timu ikichoka, mtu huanguka. Jambo hili linajulikana na wote.

Katika muda wa kawaida Seini alianguka mara tatu. Kila mara, kabla hajaanguka, nilimwona Meliame akihamisha taulo kutoka bega la kushoto kwenda la kulia. Seini alikuwa anashika kifundo cha mguu, wenzake wanapumua, kisha anainuka. Mara ya tatu watazamaji walianza maneno.

"Mleteeni mkeka!"

"Na mto! Na chandarua, mbu wasimsumbue!"

Hata pale mezani tulicheka. Mwamuzi, Vika Latu, hakucheka. Alimfuata Meliame akamwambia, "Mama, huyu akianguka tena sipulizi filimbi."

Meliame akajibu, "Kwani mimi ndiye miguu yake?"

Muda wa kawaida uliisha 38 kwa 38. Katika mapumziko kabla ya muda wa nyongeza Seini alikuja kwenye benchi. Hakukaa. Aliinama, mikono magotini. Niliyasikia yafuatayo.

"Shangazi, kifua kinanibana."

"Kinambana kila mtu. Kunywa maji."

"Leo si kama siku zote."

"Dakika kumi na nne tu, mwanangu. Baba yako yule pale, anakutazama."

"Haya, Shangazi."

Mchezaji wa akiba, Taina, alikuwa ameshavua sweta. Aliposikia hivyo akalivaa tena. Kuhusu Seini, sijui angejibu nini kingine. Kwetu hakuna amkataliaye dada wa baba yake.

Muda wa nyongeza nao uliisha sare, 45 kwa 45. Kanuni inasema hapo mchezo unaendelea mpaka timu moja iwe mbele kwa magoli mawili. Saa haitumiki tena. Niliizima yangu nikaiweka mezani, na tangu hapo sina dakika za kuwatajia. Naweza kusema tu kwamba ilikuwa ndefu. Siale walitangulia kwa goli moja, Heilala wakasawazisha. Wakatangulia tena, ikasawazishwa tena. Kisha Heilala wakawa mbele kwa goli moja, na mpira wa kuanzisha ukawa wa Siale.

Seini alisimama kwenye duara la kati, mpira mikononi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu. Vika akapuliza. Seini hakurusha. Mpira ulimtoka mikononi ukabingirika, naye akaanguka kifudifudi bila kutanguliza mikono.

Nilimtazama Meliame. Taulo lilikuwa bega la kushoto.

Watu walipiga kelele, "Mkeka! Mkeka!" Vika alimtazama Seini, akaashiria kwa mkono mchezo uendelee. Heilala waliuokota mpira.

Hapo Meliame aliruka kutoka kwenye benchi akapaza sauti, "Inuka, Seini! Sijakwambia!"

Nina hakika na maneno hayo. Aliyarudia mara mbili. Mara ya pili sauti yake ilikuwa nyingine.

Heilala walifunga. Filimbi ya mwisho ikapulizwa, na watu wa Heilala wakaingia uwanjani wakicheza. Wengine walimruka Seini. Wa kwanza kupiga magoti kando yake alikuwa mpinzani wake, mchezaji wa kati wa Heilala, naye alianza kulia kabla hajamgeuza. Tulimpakia kwenye pikapu ya baba yake. Hospitalini daktari alisema moyo ulikuwa umeshasimama.

Naambiwa Meliame ameeleza hapa kwamba hakuwahi kumwagiza Seini kuanguka. Mimi nimesema niliyoyaona.

Jana jioni baba wa marehemu, Viliami, alikuja kwangu. Alikataa kiti. Alisema, "Yule ni dada yangu. Wewe ulikuwa mezani." Sajenti, unajua mwenyewe kwamba mwanamume hawezi kusimama hapa akamtaja dada yake.

Kwenye mazishi, Jumanne, Meliame alikaa kichwani pa maiti, mahali pake kama shangazi. Niliweka mkeka wangu wa rambirambi mbele yake pamoja na mikeka mingine, nikambusu Seini kwenye paji la uso. Nilipotaka kuinuka Meliame alinishika mkono.

"Kalolaine, ulisimamisha saa?"

Nikamwambia, "Dada, hapakuwa na saa."

Akaniuliza tena swali lile lile. Hakuniachia mkono mpaka wanawake wengine walipokuja kumshika.

Hapa ndipo yanapoishia maelezo yangu. Nimeyasoma, ni ya kweli, na nitayarudia mahakamani nikiitwa.

Sahihi: K. Tupola

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Sajenti Semisi Kaufana, na kukamilika saa 4:45 asubuhi. Muda wote huo Viliami Havea, baba wa marehemu, alikuwa amesimama nje ya dirisha. Nilipomwita aingie alisema hana maelezo ya kutoa. Aliuliza tu kama shahidi amemaliza. Nilipomjibu ndiyo, alivaa kofia yake akaondoka.